Paka Si Ng'ombe Mdogo

Siku ile ya josho, mwanangu, bado naikumbuka kwa pua. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakiwakamata watu kwa ajili ya Mau Mau, nasi tuliishi kwenye shamba la mzungu mmoja huko Njoro. Askari walipokuja kumchukua baba, hakuwa na mali ya kuniachia. Alinipa paka wake wa kijivu akasema, "Nitunzie huyu mpaka nirudi."

Nikamtunza, tena kwa kiburi. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijua kila kitu, kama nyinyi. Paka alipojaa viroboto, nilichota dawa ya kupe kule joshoni nikamwosha nayo kuanzia shingo hadi mkia. Ng'ombe walitumbukizwa humo kila wiki wakatoka wazima, sasa paka ingemdhuru vipi?

Akaketi juani, akajilamba mbavu, tumbo, miguu, bila kuacha mahali. Nami nikamsifu kwa usafi! Kufikia alasiri alikuwa akitetemeka, mate yakimchuruzika.

Nilimbeba nikamkimbilia mzee Kiprono, msimamizi wa josho. Alimtazama paka, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi.

"Wewe msichana, nani alikuambia paka ni ng'ombe mdogo? Huyu anajiosha na ulimi. Ukimpaka dawa, umemnywesha. Na mimi nilikuwa hapa tu. Mbona hukuuliza?"

Paka akafa mapajani mwangu. Miaka mingi baadaye binti yangu, aliyesomea mifugo, alinieleza kwamba seli za ini la paka hazina uwezo wa kuvunja baadhi ya sumu ambazo wanyama wengine huzivunja. Maelezo mazuri. Hayakunisaidia kitu.

Baba alirudi amekonda. Kabla hajaketi akauliza, "Paka wangu yuko wapi?" Nikasema alitoroka. Basi kila jioni, mpaka mwaka tuliomzika, baba alimwekea maziwa mlangoni kwenye kisahani. Asubuhi niliyakuta yameganda, nikayamwaga.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Usimtibu mtu wala mnyama kwa kubahatisha, eti kwa sababu unampenda. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimezeeka naye nyumba moja. Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kuuliza, na mwepesi zaidi wa kukiri, ungali na wa kumwambia.