Sauti ya Chini ya Mjomba Wadii

Mjomba wangu Wadii, mpiga picha mkuu wa filamu, alikaa nyumbani kwake mtaa wa Shubra miaka miwili bila kuitwa na mtu. Walisema amezoea kamera za zamani, mambo ya kisasa yamempita. Ikawa kazi yake kuhamisha taa ya sebuleni huku na huku ili mkewe apendeze akimenya vitunguu. Kwa hiyo Bi Nashwa, mtayarishaji, alipompa kazi chini ya mwongozaji ambaye hajawahi kuongoza hata tangazo la sabuni, mjomba alinyoa ndevu, akapiga pasi shati mwenyewe.

"Ghada," akaniambia, "hii ikiniponyoka, basi tena. Nitafia mbele ya televisheni."

Mwongozaji aliitwa Marwan. Sura ya upole, mdomo haupumziki. Siku ya kwanza alitaka kamera ikae mlangoni, imtazame mwigizaji aliyesimama mbele ya dirisha lenye jua kali. Mafundi wakaanza kukonyezana. Mjomba akamfuata na gilasi ya chai, akamwinamia. Mimi, msaidizi wa lenzi wa mjomba, nilikuwa karibu, nikasikia.

"Ukiiweka hapo, mwanangu, yule mama uso utatoka mweusi tii. Iweke kando ya jokofu."

Kisha akarudi nyuma, akapaza sauti. "Sawa, ustadhi, kama ulivyosema. Kando ya jokofu."

Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia: mwongozaji akisahihishwa mbele ya watu, mafundi hawamsikilizi tena, na filamu imekufa. Basi kila siku chai, kila siku mnong'ono, kila siku "kama ulivyosema". Nikilalamika, ananikata kauli: "Wewe tazama lenzi yako." Mafundi wakaanza kumwita Marwan jini wa picha, naye akavimba kichwa.

Kazi ikachelewa kwa sababu Marwan alibadilisha maneno ya waigizaji kila asubuhi. Bi Nashwa akatuita sote ofisini kwake, akataka kujua nani anamrudisha nyuma. Marwan akatazama zulia.

"Ami Wadii namheshimu kama baba. Lakini mkono umekuwa mzito. Na mawazo yote ni yangu, yeye anatekeleza tu. Hilo hata kijana anaweza."

Damu ilinipanda. Nikayamwaga yote, chai na minong'ono. Bi Nashwa akanitazama kwa huruma.

"Wewe ni mtoto wa dada yake, mpenzi. Ungesema nini kingine?"

Hapo mjomba akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: akajitetea mbele za watu. 

"Picha ya kando ya jokofu ilikuwa yangu. Ya ngazini yangu. Ile ya mwanamke na sinia, yangu pia. Muulize Haji Sabri. Tuko pamoja tangu yeye ana nywele."

Haji Sabri, mkuu wa taa, alisimama karibu na mlango. Mtu huyu hajui kusema uongo, na hiyo ndiyo shida yake.

"Wadii, ndugu yangu, Mungu anajua ninavyokupenda. Lakini ulisema kwa mdomo wako kwamba ni maneno yake. Kila siku. Sasa nigeuze vipi?"

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Sikuweza hata kuwachukia, maana mjomba mwenyewe ndiye aliyewaaminisha.  Bi Nashwa akamshukuru kwa adabu, akasema kesho atakuja mpiga picha mwingine.

Tulikuwa tunasubiri lifti, nimemshika mjomba mkono, Marwan akatoka mbio. Kwanza alihakikisha mlango wa ofisi umefungwa. Kisha akasogea, akashusha sauti.

"Ami, ile ya kesho juu ya paa, bibi anaanika nguo. Nipige asubuhi au alasiri?"

Nilifungua mdomo nimtukane. Mjomba akanibana vidole, akafumba macho.

"Alasiri, mwanangu. Ngoja jua lishuke nyuma ya shuka. Kamera iwe chini, na wasiwashe taa hata moja."

Marwan akaitikia, akarudi ndani. Lifti ikafika, ikafunguka, ikajifunga. Mjomba alikuwa bado anautazama ule mlango, akingoja kijana atoke tena amuulize jingine.