Siku Ngoma Iliingia mu Kanisa

Siku ya kwanza kwa kazi nilifika mbele mwenye funguo hajafika. Atelie ya misioni, nyumba ya kazi ya mbao hapa Bunia, ilikuwa ingali imefungwa, na mimi nimesimama inje na kaptula ya kuazima, moyo unaruka-ruka sawa chura. Shefu wa atelie alipokuja, aliniangalia mikono mbele ya kuniangalia uso. "Vidole viko kumi?" akauliza. "Viko, Shefu." "Basi uvirudishe nyumbani mangaribi vikiwa kumi." Ndiyo mahubiri yote niliyopewa. Akanitia rabo mukononi, ile ya kulainisha mbao, na kazi ikaanza.

Ninyi vijana munaonunua kiti kimeisha tayari kwa soko, hamujui utamu wa kazi ile! Mbao tuliikausha kwa kivuli miezi mingi, juu mbao mbichi ina hila: leo imenyooka, kesho imepinda. Kuunganisha tulifanya kwa ulimi na tundu, ni kusema unachonga ncha ya ubao mumoja iingie mu shimo ya mwingine, bila musumari hata mumoja. Nilitengeneza mabenchi, milango, masanduku ya maiti. Walinituma Marabo miaka mitatu kwa kazi ya paa ya kanisa, kisha wakanirudisha Bunia, sasa mimi mwenyewe ndiye Shefu. Nikaoa, nikanona.

Ndipo Padri Mukubwa mupya akaniita. Alikuwa mutoto wa inchi, si Muzungu sawa wale wa mbele, na alikuwa na haraka ya ajabu. "Shefu, Pasaka hii watu wataimba nyimbo zao wenyewe, na watacheza. Unitengenezee ngoma." Wee! Nilitoka mule nikikimbia kwa furaha, mutu muzima mwenye bibi! Maana siye tulizoea kuimba nyimbo za Wazungu tukisimama wima sawa misumari, na kucheza ngoma ilikuwa zambi ya kuungama.

Niliitengeneza kwa elimu yangu yote. Nikapima na metre, nikaunganisha mbao na gundi, nikakausha ngozi ya mbuzi vizuri kabisa, nikaipigilia misumari midogo, nikaipaka vernis juu. Iling'aa! Padri akaipiga. Ko. Akapiga tena. Ko. "Shefu," akasema polepole, "hii ni sanduku ya maiti." Aibu ilinikamata mupaka masikioni.

Zilibaki wiki tatu mupaka Pasaka. Na mutu aliyejua kuwamba ngoma, ni kusema kuivalisha ngozi mupaka ilie, nilikula naye kila siku: baba yangu. Babu alizichonga, baba naye alizichonga. Lakini alipotaka kubatizwa, wamisionari walimuambia achague, ngoma ao maji ya batizo. Alizichoma zote kwa mukono wake, hata zile za babu, mbele ya kijiji, babu mwenyewe akiangalia. Babu hakusema naye tena mupaka kufa. Toka siku ile baba hakugusa ngoma. Hata ikilia mbali kwa matanga, alikuwa anafunga dirisha.

Nilipomueleza, alikasirika vile sijamuona.

"Nilichoma ngoma za baba yangu juu ya Mungu. Sasa munakuja kuniambia Mungu amebadilisha mawazo?"

"Si Mungu, baba. Ni kanisa."

"Basi kanisa ikuje iniambie yenyewe. Ikae hapa." Akaonyesha kiti.

Nilipeleka ujumbe ule neno kwa neno, nikingoja kufokewa. Lakini Padri hakubisha. Alivaa kofia, tukatembea pamoja mupaka mutaa wa Saio, kwa nyumba ya baba. Akakaa pale alipoonyeshwa. Nilijua vizuri: akijitetea hata kidogo, baba atasimama aende, na hatutamupata tena, si kwa ngoma, si kwa kanisa. Padri akavua kofia. "Baba," akasema, "walikuomba kitu hawakukuwa na haki ya kuomba. Ngoma zile hazikukuwa na zambi. Tunakuomba musamaha."

Machozi ya baba yalianguka tu, hakuyapanguza. Kisha akanigeukia mimi na hasira ileile: "Na weye, fundi wa vernis! Nani alikuambia ngozi inawambwa ikiwa kavu? Leta mbichi! Ngozi unaivuta ingali na maji!"

Hee, siku zile! Alinifundisha kutoboa gogo zima bila gundi, kulowesha ngozi ya ng'ombe usiku kucha, kuikaza kwa kamba za ngozi ileile, kuiotesha moto mupaka sauti ipande. Akanipiga vidole mara mbili kwa kamba, mimi Shefu, mbele ya wafanyakazi wangu! Pasaka ngoma ikalia, na kanisa yote ikasimama. Wamama walipiga vigelegele mupaka Padri akapoteza ukurasa wa sala. Baba alikuwa kwa benchi ya kwanza. Hakucheza. Kidole kimoja tu kilikuwa kinagonga goti.

Sasa niko mu pansion, kazi ya misioni nimeiacha, na bado naona mapya. Watu waliokimbia vita toka Djugu wamejaza kanisa yetu ya Rwambuzi, hapa Bunia. Walikuja bila hata sufuria, lakini Siku ya Mungu ya kwanza, ndiyo Jumapili, walipiga bidon tupu za mafuta sawa ngoma na wakaimba. Nikawatengenezea ngoma tatu, mikono ikiuma, moyo ukicheka. Dini haisimami pahali pamoja, wanangu. Nimeona kwa macho yangu kitu ya kutubu ikigeuka kitu ya kumusifu Mungu, na maisha yangu haijaisha.

Juzi mujukuu wangu wa kike, anayeniita Koko na anayeimba mu korali, alikuja kwangu amefura kwa hasira. Vijana wenzake wanataka piano ya umeme, ngoma ziwekwe pembeni. "Koko, uwakataze!" akasema. "Ngoma ndiyo mila ya kanisa! Wamisionari ndio walituletea!"

Nilicheka mupaka nikashikwa na kikohozi. Kisha kicheko kikakatika, nikamushika mukono.

"Kaa hapa, mama," nikamuambia. "Wale walituletea kiberiti. Ngoma walizikuta."