Asubuhi ya Mwisho ya Chumba cha Kushonea

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo hata leo nikiikumbuka, viganja vinanitoka jasho. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Kazi yangu ilikuwa kuandika mabango ya saluni na mikahawa kule mtaa wa Gisimenti, hapa Kigali, na kwa kuwa mstari wangu ulinyooka, nilijiona fundi tayari. Ndipo nikaanza kujifunza uchoraji kwa Mwalimu Kalisa, mzee aliyekulia Tanzania. Alipenda ule mtindo wa Wafaransa wa zamani, rangi inapakwa upesi, mguso juu ya mguso. Ukiisogelea picha unaona madoa. Ukirudi nyuma unaona jua limeingia chumbani.

Mama Zuhura, mshonaji wa mtaa wa Nyamirambo, alikuwa anahamia Batsinda kwa binti yake, maana miguu ilikuwa imemchoka na ngazi za nyumba yake hakuziweza tena. Akaniomba nimchoree chumba alichoshonea tangu alipoolewa, jua la asubuhi likiwa ndani. Nikakubali kabla ya kufikiri. Alikuwa anahama Jumamosi.

Nilianza Jumatatu. Nikapima dirisha kwa rula, nikachora cherehani na kila skrubu yake. Lakini jua halimsubiri mtu. Lilitoka sakafuni likapanda mezani, nami nilifuata nyuma na brashi ndogo, nikifuta na kurekebisha. Kufikia Ijumaa picha ilikuwa na jua la saa mbili huku na la saa nne kule, na vivuli vyeusi kama masizi. Niliona kabisa kwamba nimekosea, ila niliogopa kuigusa.

Jumamosi Mwalimu Kalisa akaja. Wabebaji walikuwa wameshaanza kutoa makabati. Akaitazama picha, kisha akanigeukia.

"Unaogopa nini, binti?"

"Naogopa kuiharibu, Mwalimu."

"Imeshaharibika. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kwangua."

Akanipa kisu cha rangi, akazichukua brashi zangu ndogo zote, akazitia mfukoni. Nikakwangua kazi ya siku tano huku machozi yananitoka.

"Sasa usiniambie kuna nini humu," akasema. "Niambie jua limegusa wapi."

"Sakafuni. Na kwenye ukingo wa meza."

"Na kivuli kina rangi gani?"

Nilitaka kusema cheusi. Nikatazama tena, kilikuwa cha zambarau.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikashika brashi kubwa pekee iliyobaki, nikapaka. Wabebaji walichukua viti, wakataka meza, Mama Zuhura akawazuia mlangoni. Mkono ulinitetemeka, lakini brashi kubwa haijali sana mtetemeko. Mara mwanga ukaanza kuhama, Mwalimu akanishika kiwiko.

"Acha."

"Kona ya kushoto bado."

"Acha, binti."

Mama Zuhura akaileta sura yake karibu kabisa na turubai. "Cherehani yangu iko wapi? Mimi naona madoa tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu akamwomba arudi nyuma hadi mlangoni. Akarudi polepole, akijishikiza ukutani, kisha akatazama tena.

"Hii iko saa tatu," akasema. "Saa hii ndio mteja wa kwanza anapiga hodi."

Akaketi juu ya sanduku, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ile kona ya kushoto haijapakwa mpaka leo, wala hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mwanangu, sikuambii usiogope. Mimi mwenyewe bado naogopa kila nikisimama mbele ya turubai tupu. Nakuambia tu usimwachie woga kazi aifanye yeye. Mtaka yote hukosa yote: chagua saa moja, iangalie vizuri, sema ulichokiona, kisha weka chombo chini. Na ukijua umekosea, kwangua mapema, usirembe kosa. Mungu akujalie jicho la kuona na mkono unaothubutu hata ukitetemeka, na kama tusemavyo hapa kwetu Kigali, Imana ikurinde, yaani Mungu akulinde.