Wakili Nerea na Wikio la Bi Huwaida

Wakili Nerea ni mtu wa Kisumu. Alipofika Amu, hapa kwetu Lamu, alisema mchuzi wetu una nazi nyingi kuliko samaki, tukamsamehe. Sasa anakaa mtaa wa Mkomani mwaka wa tisa, na huuliza maswali ambayo sisi wa hapa twaona haya kuyauliza. Kwa hayo namuombea dua.

Nilikuwa nanunua nyumba ya mawe ya Bwana Abubakr, nimweke binti yangu Hayat akiolewa, maana kwetu mume ndiye humfuata mke. Kiwanja ni wakfu wa msikiti, kimekodishwa. Anayenunua hununua miaka ya kukodi iliyobaki. Na mji wa kale hauguswi ovyo, hata dirisha lina kibali chake. Mimi sikuuliza lolote. Tulisoma Fatiha, yakaisha. Kumdai muungwana karatasi si ni kumwita mwizi?

"Yameisha wapi, mama?" Nerea akasema. "Fatiha mmemsomea Mungu. Msajili wa ardhi hajasikia."

Akapekua hati: miaka ingali mingi, nyumba haikuwekwa rehani. Wasimamizi wa wakfu wakaridhia. Choo kipya cha juu kilikuwa na kibali cha ofisi ya mambo ya kale. Nikamwambia basi, harusi iko mlangoni! Hakusikia. Akapanda hadi kwenye wikio, kile chumba kinachopita juu ya ndia, yaani njia ya mtaa, toka nyumba hadi nyumba, ambacho Hayat alishakichagua kuwa chake.

"Hiki hakimo kwenye ramani. Cha nani?"

"Cha nyumba!"

"Nyumba ipi? Kimeegemea mbili."

Akashuka, nami nyuma yake, akavuka ndia, akabisha kwa Bi Huwaida, jirani wa mkabala.

"Wikio ni langu," akasema bibi yule, hata salamu hatujazimaliza. "Nilimuazima mamake Abubakr alipozaa pacha. Nangoja arudishe."

"Si alishakufa, bibi?"

"Ndiyo maana sikumsumbua."

Bwana Abubakr aliposikia akaleta istighfari, akimuomba Mungu msamaha. Tangu utotoni aliukuta mlango wa wikio wazi, akadhani ni lao. Akapunguza bei bila kuombwa. Kumbe mimi ningemtia mwanangu katika chumba cha watu, aanze ndoa kwa kesi na jirani!

Fundi akauziba mlango wa wikio upande wetu, kwa kibali. Siku ya harusi Bi Huwaida akafungua wikio lake, wanawake wakajaa dirishani wakimmwagia bwana harusi asumini akipita chini. Nerea alikuwa katikati yao, anapiga vigelegele vibaya kabisa. Mola amjaze kheri.