Mzazi na Madumu ya Sabuni

Serikali ilipokuja Manzese kutukwamua wanawake tusio na kazi, ilitufundisha sote kitu kimoja: kutengeneza sabuni ya maji. Nilipouliza nani atainunua, nikaambiwa nisiwakatishe wenzangu tamaa.

Mwezi huo nikajifungua, na kwetu anayekwenda kumtazama mzazi hubeba sabuni. Basi majirani wakaja, kila mmoja na dumu lake, wakapanga foleni mlangoni. Na mie madumu yangu yamejaa hadi uvunguni.

Mara akatokea ofisa wa mradi, kaja kukagua maendeleo. Akaiona ile foleni, akafurahi, akaipiga picha, akaripoti kwamba kikundi kimepata soko.

Soko lenyewe lilikuwa mie, nimejilaza na kichanga, na sikununua hata tone.