Joto la Viganja

Mama wa vizimba, ndivyo wote pale maabara walivyomwita, panya wa kawaida huwanyanyua kwa mkia kama anayeanua nguo, huku akiwatukana kwa utani. Ila akifika kwa hamsta, wale wadogo wa jamii ya panya wenye mashavu yaliyotuna, mdomo huufunga. Hubana mikono kwapani mpaka viganja vipate joto, ndipo humchota mmoja taratibu na kumlaza kifuani. Binti mwanafunzi, aliyekuwa akimtazama tangu aanze mazoezi ya kazi pale, siku hiyo uvumilivu ulimshinda.

"Mama, mbona hawa unawadekeza, wale unawaning'iniza kwa mkia?"

"Wale mafuta yao ya mwilini hayatoi ile protini ya kuhamisha kolesteroli kwenye damu. Nyie watafiti wa kolesteroli hamna haja nao, watazeekea humu. Huyu mafuta yake yanaitoa, kama yangu, kama yako, ndiyo maana leo mnayataka mezani." Kidole chake kilipita mgongoni mwa mnyama, kikarudi. "Kufanana na sisi ndiko kulikomponza."

Binti alitaka kucheka, akauona uso ule, akaghairi. Hamsta alikuwa ameshafumba macho. Mama akaizungushia shingo ya mnyama vidole vilevile vyenye joto, akaivunja.