Tope la Fiodi na Hamu ya Shemeji

Mimi ni mtu wa kochi. Hata kutoka Alby, kitongoji chetu huku ughaibuni, kwenda mjini kwa treni, naaga kama mtu anayehama. Binti yangu sijui kamrithi nani: alipanda meli mpaka fiodi za Aktiki, kule bahari inakopenya katikati ya milima ya barafu, eti kuchota tope.

Jumamosi akarudi na mfuko wa mabonge ya kijivu yaliyokaushwa, akauacha mezani jikoni. Jumatatu aupeleke maabara. Alinielezea taratibu, mimi niliyeishia sekondari. Ndani ya tope mna vijidudu vidogo mno, vyenye vijumba kama vya konokono. Vingine hupenda baridi, vingine hufuata maji ya uvuguvugu yanayotoka kusini. Ukijua nani kaishi hapo chini, umejua maji yalikuwaje. Tope alilochota kule lilikuwa hilo tu, na kazi yake ya kumaliza chuo ilikuwa humo.

Jumapili, ibada ilipoisha, akaja shemeji, mdogo wa mke wangu, na mimba yake kubwa. Mimi niko kochini, namsikia jikoni anatafuna.

"Shemeji! Pemba hii mmenunua duka gani? Ina chumvi, tamu kweli!"

Kwetu wajawazito hula udongo, ndiyo hiyo pemba. Hata mimi, mfuko ule ningedhani ameletewa yeye.

Binti akachomoka bafuni. "Nej, nej! Hapana, mama mdogo, tema!"

"Niteme nini? Mtoto keshapokea."

"Itamdhuru?" nikauliza, nimesimama bila hata kusukumwa.

"Hapana, baba. Ni tope safi tu." Akaangalia mfuko uliobaki makombo, macho yakamjaa machozi. "Aliyedhurika ni mimi."

Shemeji akaacha utani. Akapanguza vidole juu ya mfuko, chembe zirudi ndani. "Nisamehe, mama. Hamu hii haiulizi."

Binti akacheka huku analia.

Siku zilizofuata shemeji alipiga simu kuulizia makombo kila alipopumzika kazini kwake, uwanja wa ndege. Mimi nilijifanya naangalia mpira. Hatimaye binti akapiga kutoka maabara: makombo yametosha. Na vijidudu wapenda joto wamo, wengi kuliko alivyotegemea.

"Wapenda joto, huko barafuni? Wanatafuta nini?"

"Maji yanabadilika, baba, nao wanayafuata. Hata wao wametoka nyumbani," akasema. "Umebaki wewe tu."